Sumaku Bubu na Mvua za Vuli

Alhamisi, 2 Oktoba

Nimehamia Membley, Ruiru, leo, kwenye kijumba kilicho nyuma ya nyumba ya kina Nimisha: chumba kimoja, bafu, mapazia ya maua, na dirisha linalotazama ukuta. Kutoka chumba changu cha kupanga Kiganjo hadi kiwandani Thika ni dakika ishirini kwa miguu. Sasa nitakuwa nalala Ruiru ili asubuhi niletwe Thika kwa gari na jioni nirudishwe. Ukistaajabu ya Musa, utaona ya Firauni.

"Kiganjo uko na kanisa kwa ukuta na baa kwa dirisha," Nimisha aliniambia. "Utaandika saa ngapi? Kuja ukae na sisi mpaka umalize. Mummy ashatandika kitanda."

Nimisha ni daktari wa fizikia, nami ni mwanafunzi wake. Babake, Mzee Chunilal, ana kiwanda cha kupaka vifuniko vya plastiki rangi ya fedha, vile vya chupa za mafuta na manukato. Amempa bintiye chumba cha nyuma na tangi kuukuu la kunyonya hewa ili afanyie utafiti. Leo tangi limepumzika pamoja na mashine zote kwa sababu ni Dussehra, sikukuu ya Kihindu ya kubariki vyombo vya kazi. Mzee alipita na sahani, akaitia kila mashine alama nyekundu na kuivisha maua, kisha akavunja nazi mlangoni. Nilimwona Nimisha, na udaktari wake wote, akifumba macho mbele ya tangi letu. Nami nikafumba.

Barua ya Profesa Kagwe kutoka chuoni nimeibandika ukutani. Tasnifu yangu ya shahada ya pili ifike ofisini kwake kabla ya saa kumi na moja jioni, Ijumaa tarehe 5 Desemba, ikiwa na sahihi ya Nimisha kama msimamizi wa maabara. La sivyo jina langu litafutwa. Nimeshaongezewa muda mara mbili, na barua inasema hakuna mara ya tatu. Miaka minne yangu iko kwenye karatasi hiyo moja.

Jumapili, 5 Oktoba

Mama amepiga simu kutoka Gatuanyaga. Hakuna mvua, mbuzi wanakula vumbi. Akaniuliza tena, kwa mara ya mia, nasomea nini hasa.

Nikamwambia: chukua mbuzi wako, uwapange kwa mstari, mmoja aangalie mlimani na jirani yake aangalie bondeni, hivyo hivyo mpaka mwisho. Kila mmoja anavuta kwake, na kwa nje hakuna kinachosogea. Hiyo ndiyo sumaku yangu. Huwezi kuijua kwa sindano wala kwa msumari, iko kimya. Mimi huiita sumaku bubu.

"Sasa hiyo ni sumaku gani, haishiki kitu?"

"Ndiyo uzuri wake, Mama. Sumaku zingine haziwezi kuisumbua. Na ukiisukuma na umeme kidogo tu, hata usipite ndani, wale mbuzi wote wanageuka pamoja. Wa mlimani anaangalia bondeni. Wakikaa hivi ni moja, wakigeuka ni sifuri. Ukizima stima wanabaki vile uliwaacha. Hiyo ni memory ya kompyuta ambayo haipati joto na haimalizi betri."

"Simu yangu inakaa na charge siku nne," Mama akasema. "Shida yangu ni mvua."

Alhamisi, 9 Oktoba

Maji safi ya mitungi yameisha na msambazaji hashiki simu. Mzee Kyengo, ambaye ndiye huosha vioo vyetu, yuko Kitui kumzika dadake. Nimeosha vya wiki hii mwenyewe kwa maji ya kisima cha kiwanda, nikayapitisha kwenye chujio mara mbili. Hapa kila kitu huoshwa kwa kisima na vifuniko hutoka viking'aa.

Jumanne, 14 Oktoba

Jua. Mstari umelala.

Ijumaa, 17 Oktoba

Jua. Mstari umelala. Nieleze, nisije nikasahau mwenyewe huko mbele: ndani ya tangi tunapaka kioo utando wa oksidi ya kromiamu, ambao ndio sumaku bubu, kisha juu yake utando mwembamba wa platinamu wa kusomea. Kioo tunakitia kwenye kisanduku cha kupimia. Tukiweka volti upande mmoja, mstari kwenye skrini unapaswa kupanda na kubaki juu hata tukizima. Tukigeuza, ushuke na kubaki chini. Kwa miaka minne haujapanda wala haujashuka. Mzee Chunilal ameanza kusimama mlangoni na futi ya kupimia. Anakitaka chumba hiki mwezi wa kwanza kwa mashine mpya ya plastiki, iwapo hatutakuwa na la kuonyesha.

Jumatatu, 20 Oktoba

Diwali, sikukuu ya taa, na pia Siku ya Mashujaa, kwa hiyo hakuna kazi. Nyumba imejaa wageni. Auntie Surekha, mamake Nimisha, amenipa suti ya hariri ya kijani, akanizungusha sebuleni akiniita mwanasayansi wetu. "Waceke beta, mwanangu, hujala kitu!" Nimekula mara tatu. Watu hawa wananipenda na ninaona aibu kuandika kwamba nilitaka kukimbia.

Saa kumi nilitoka nikanyooshe miguu. Askari wa geti akaniuliza ninakoenda. Nikasema kutembea tu. Akapiga simu nyumbani kuuliza kama wananijua, maana ni mgeni kazini. Dakika tano baadaye Auntie mwenyewe alifika na gari, mita mia mbili, akidhani nimekasirikia jambo. Nikaingia. Ningemwambia nini?

Alhamisi, 23 Oktoba

Umepanda!

Mvua ilikuja saa nane mchana bila hodi. Mabati yalinguruma hata hatukusikilizana, maji yakapita chini ya mlango na Mzee Kyengo akawa anayasukuma nje kwa ufagio. Nilikuwa nimekata tamaa, nabonyeza kwa mazoea tu. Volti tano upande wa kulia. Mstari ukapanda.

Nilizima. Ukabaki juu.

Niligeuza. Ukashuka. Nikazima. Ukabaki chini.

Sikupiga kelele. Nilimgusa Nimisha begani nikamwonyesha kwa kidole. Alitazama skrini, akanitazama, akasema, "Don't touch anything. Tuende tukunywe chai." Tukatoka tukanywa chai tukiwa tumesimama, dakika ishirini nzima. Tuliporudi mstari ulikuwa palepale tulipouacha. Hapo ndipo Nimisha alipolia. Alinikumbatia mpaka miwani yangu ikapinda.

"Imekumbuka! Waceke, si imekumbuka?"

Tuligeuza mara arobaini na moja. Kila mara ulitii. Mzee Chunilal alikuja akiwa ameloa, akasimama akiangalia mstari ukipanda na kushuka, kisha akaweka futi yake mfukoni. Mzee Kyengo akauliza kama sasa simu zitakuwa bei rahisi. Tukacheka wote.

Nimempigia Mama. Huko pia imenyesha, anapanda maharagwe. Kila mtu amepata chake leo. Nina furaha hata najiogopa.

Jumatatu, 27 Oktoba

Mvua. Mara sitini na mbili bila kosa. Nimisha ameuandikia mfuko mmoja wa Nairobi unaosaidia utafiti. Mimi nimeanza sura ya nne.

Ijumaa, 31 Oktoba

Wamejibu. Watakuja Alhamisi tarehe 27 Novemba kujionea. Mzee amesema chumba kisiguswe.

Jumatatu, 3 Novemba

Jua siku ya tatu. Mstari umelala. Nimisha anasema ni nyaya zimelegea. Nimezikaza zote.

Alhamisi, 6 Novemba

Mvua ya nguvu, barabara kuu imejaa maji pale Ruiru. Mstari umeamka. Nimisha amenipongeza kwa kukaza nyaya.

Jumapili, 9 Novemba

Leo mchana nilikuwa nakatakata dhania jikoni kwa Auntie Surekha. Alichukua kichupa cha chumvi, akakitikisa, hakikutoa kitu. Akakifungua na kutia punje za mchele. "Hii mvua," akalalamika, "chumvi yote inakuwa maji."

Niliacha kisu mezani nikaja huku chumbani kusoma shajara hii tangu mwanzo. Kila mahali nilipoandika jua nimeandika umelala. Kila mahali nilipoandika mvua nimeandika umepanda. Hakuna hata siku moja iliyokwenda kinyume. Na tarehe 9 mwezi uliopita nimeandika kwa mkono wangu nilichooshea vile vioo. Maji ya kisima hicho ukiyachemsha, sufuria hubaki na unga mweupe. Chujio halizuii chumvi, hilo hata mtoto wa sekondari analijua. Mimi nilijua pia. Nilikuwa na haraka.

Auntie ameniita mara mbili kwa chakula. Nimesema kichwa kinaniuma, na sasa ameleta dawa na supu.

Jumatano, 12 Novemba

Nimisha alikuwa benki na babake. Nilikuwa na saa tatu.

Nilichukua kioo chetu bora, nikakikausha kwenye tanuri la vifuniko kwa saa moja, nikakirudisha kwenye kisanduku kikiwa kimepoa. Nikaweka volti. Kimya. Nikageuza. Kimya. Nikainama nikakipulizia pumzi yangu, kama mtu anayefuta miwani. Mstari ukapanda na kubaki juu.

Sikutosheka. Nilichukua kioo kingine kilichopakwa platinamu peke yake, hakuna kromiamu, hakuna sumaku ya aina yoyote. Nikakisuuza kwa maji ya kisima, nikakipulizia. Kilipanda. Nikazima, kikabaki. Nikageuza, kikashuka. Kioo kitupu kina kumbukumbu nzuri kuliko yangu.

Kwa hiyo ni chumvi. Ikipata unyevu inatembea juu ya kioo, volti inaisukuma huku na huku, na inakaa pale ilipofika. Mbuzi hawajageuka hata mmoja.

Nimekiandika kioo hicho "TUPU" nikakitia kwenye bahasha, bahasha nikaitia kwenye mkoba. Nimisha aliporudi aliniletea kaimati. "How's my star?" akauliza. Nikasema niko poa.

Ijumaa, 14 Novemba

Sijasema.

Jumamosi, 15 Novemba

Sijasema. Auntie amenipimisha sari ya siku ya mahafali. Nilisimama mikono juu akinizungushia kitambaa, pini mdomoni, akiimba. Nilihisi kama nafungwa kwenye sanda, Mungu anisamehe. Nikisema, ninawavunja watu walionilisha. Nisiposema, naenda chuoni na uongo wenye jina langu juu yake. Na hata hapa nje siwezi kwenda kulia, askari atapiga simu.

Jumanne, 18 Novemba

Nimesema. Nilichagua gari kwa sababu alikuwa na usukani wa kutazama na mimi nilikuwa na dirisha. Nilimweleza yote kuanzia tanuri mpaka kioo kitupu. Tulikuwa tumefika Juja nilipomaliza.

Tulipita Witeithie.

"Chumvi," akasema.

"Ndiyo, Daktari." Huwa namwita Nimisha tukiwa njiani. Leo jina halikuja.

"Mimi nimeambia watu wa fund ni antiferromagnet, hiyo sumaku bubu yako. Nimeambia Daddy. Kumbe ni chumvi." Akabadilisha gia kwa nguvu. "Si nilisema vioo vioshwe na maji ya mtungi peke yake? Kila siku nasema. Ni huyu Kyengo, ama?"

Nilikuwa na nafasi. Ilikuwa mbele yangu, kubwa kama mlango wa kanisa. Nilitazama mashamba ya kando ya barabara nikanyamaza, na yeye akachukua kimya changu kuwa jibu. Ilikuwa rahisi. Hilo ndilo linaloniogopesha, jinsi ilivyokuwa rahisi.

Alhamisi, 20 Novemba

Mzee Kyengo amehamishwa kwenye upakiaji. Ana miaka hamsini na minane, mgongo wake ni wa kuosha vioo akiwa ameketi, na leo nilimwona ameinama chini ya katoni mbili. Nilipopita aliziweka chini.

"Waceke, wanasema mimi ndio niliharibu vioo."

"Nimesikia, Mzee."

"Hiyo wiki mimi nilikuwa Kitui. Nilikuwa kwa kaburi ya dadangu." Hakuwa na hasira. Alikuwa ananieleza, kama mtu aliyekosewa hesabu dukani na anajua mwenye duka ni mwerevu, atarekebisha. "Wewe ulikuwa hapa. Si uwaambie?"

"Nitawaambia."

"Sawa, mami. Asante."

Akaniambia asante. Nimeandika hilo neno na nimekaa nikilitazama.

Jumatatu, 24 Novemba

Maji safi yalifika. Wiki iliyopita nilitengeneza vioo sita vipya, nikaviosha jinsi inavyotakiwa. Vyote vimelala, mvua iwepo isiwepo. Nimisha alivipima mwenyewe, kimoja baada ya kingine, bila kuniacha niguse kitufe.

Kisha akafunga mlango. "Skiza. Alhamisi tutaweka kile kioo cha kwanza. Na bakuli ya maji ya moto chini ya kisanduku, mahali haionekani."

Nilimtazama.

"Usiniangalie hivyo. Physics iko right, Waceke. Kila mtu dunia nzima anajua hii material inageuka na volti. Sisi ndio hatujapata film safi. Wakitupa mwaka mmoja, tunaipata. Wasipotupa, January Daddy anatoa hii tangi. Mimi sidanganyi. Mimi naomba time."

"Na thesis yangu?"

"Thesis bila result nitasign nini?" Alisema kwa upole, na nafikiri hata hakujua kwamba ni kitisho. Alinishika mkono. "Tumetoka mbali na wewe."

Tumerudi Membley kwa gari lilelile, kwa barabara ileile, na tumekula wali uleule meza moja. Nimebakisha siku kumi na moja. Sahihi iko kwenye kalamu yake na kalamu iko kwenye mkoba wake, kiti cha pili kutoka changu.

Alhamisi, 27 Novemba

Nitaandika polepole. Niko Kiganjo.

Asubuhi jua lilikuwa la kuchoma na mashine ya baridi ilikuwa imekausha hewa yote. Mimi ndiye niliyechemsha maji. Mimi ndiye niliyeweka bakuli chini ya kisanduku na kulifunika kwa kitambaa cheusi. Naliandika hapa ili nisije nikajipamba baadaye.

Wageni walikuwa watatu, lakini aliyezungumza ni mmoja, mhandisi anayeitwa Calvince, mtu mrefu wa maneno machache aliyevua viatu mlangoni bila kuambiwa. Mzee Chunilal alikuwa amevaa suti. Auntie Surekha alituma sambusa. Nimisha alieleza vizuri kupita siku zote nilizomsikia. Alipozungumzia siku ambayo simu itakaa mwezi mzima bila chaji, nilijikuta naamini tena, kwa dakika moja hivi.

Nikabonyeza. Mstari ukapanda. Nikazima, ukabaki. Nikageuza, ukashuka. Mzee alipiga makofi, wageni wawili wakapiga pia.

Calvince hakupiga. Alikuwa ameinama kwenye skrini. "Iko smooth," akasema. "Inageuka pole pole, eh? Kama inavutwa." Akajikuna kidevu. "Mko na blank? Kioo tupu, bila ile kromiamu? Tukiweka hiyo tuone inalala, mimi naridhika, twende tukule sambusa."

"Hatuna hapa," Nimisha akasema haraka. "Tunaweza kukutumia data."

"Hakuna shida." Alijinyoosha, lakini macho yake yalipita kwa Nimisha yakatua kwangu, si kwa ubaya, ni mazoea ya mtu aliyewahi kuwa mwanafunzi na anajua ni nani hufungua makabati. "Ama iko?"

Mkoba ulikuwa mgongoni mwangu. Tangu tarehe kumi na mbili sijauvua isipokuwa kulala.

"Ninayo," nikasema.

Nimisha alisema jina langu, kwa sauti ndogo. Nilitoa bahasha, nikatoa kioo, nikakiweka. Volti tano. Kilipanda kwa utulivu ule ule, kikabaki juu. Nikageuza. Kikashuka.

Calvince aliinua kitambaa cheusi, akaona bakuli, akakirudisha taratibu, kama mtu anayefunika maiti. Alimshika Mzee Chunilal mkono, akamshukuru kwa ukaribisho, akavaa viatu vyake. Mzee hakuelewa. Alikuwa bado anatabasamu, akimtazama bintiye, akingoja aelezwe. Sitausahau uso ule.

Nilitoka kupitia upakiaji, nikatembea dakika ishirini mpaka hapa. Mwenye nyumba alikuwa ameweka mbuzi wake chumbani kwangu kuwakinga mvua. Tumekubaliana atawatoa kesho.

Jumapili, 30 Novemba

Nimeandika upya sura ya nne na ya tano. Hakuna kilichogeuka. Nimeeleza chumvi, unyevu, tanuri, pumzi, kioo kitupu. Nimeandika kwa namna ambayo mwingine akifanya kazi hii asiangukie shimo hili. Sijawahi kuandika vizuri hivi, na huenda hakuna atakayesoma, kwa sababu haina sahihi. Nimemtumia Nimisha ujumbe mara nne. Ameona.

Jumanne, 2 Desemba

Mvua imekatika. Mama anasema maharagwe yametoa maua. Nilimwambia mambo yameharibika kidogo. Akauliza kama nimekula.

Alhamisi, 4 Desemba

Nimisha amejibu. Neno moja: *Kesho.*

Ijumaa, 5 Desemba

Tasnifu imepokelewa saa kumi na dakika hamsini na mbili. Karani ameigonga mhuri bila kuniangalia. Watahini wataamua wanavyotaka. Lakini si hilo ninalotaka kuandika.

Nilifika kiwandani saa saba na nusu. Mlango wa chumba chetu ulikuwa wazi, mafundi wakifungua boliti za tangi. Nimisha alikuwa ameketi juu ya kreti katikati ya kelele, nywele hazijachanwa. Nilimpa tasnifu. Nilidhani atafungua ukurasa wa sahihi tu, ama atairusha. Aliisoma. Sura ya nne yote, sura ya tano yote, saa moja na nusu, mimi nikiwa nimesimama kama mshtakiwa. Mahali fulani alirekebisha desimali kwa penseli.

Kisha akarudi nyuma, akaweka kidole.

"Hapa unasema vioo vilioshwa na maji ya kisima."

"Ndiyo."

"Nani aliviosha?"

Mafundi waliangusha kitu. Nilingoja kelele iishe.

"Mimi."

"Kyengo alikuwa wapi?"

"Kitui. Alikuwa anazika dadake."

Aliweka penseli chini. Nilifikiri atanipiga, na ningemruhusu. "Umeniaibisha mbele ya Daddy ati kwa sababu ya ukweli," akasema. "Nimekaa wiki nzima nikijiambia, at least huyu msichana ni mkweli kuliko mimi." Akanipa kalamu. "Andika."

Niliandika pembeni ya ukurasa: na mwandishi wa tasnifu hii, ambaye alijua maji hayo yana chumvi, bila ya mtu mwingine kuhusika. Mwandiko ulikuwa wa mtoto wa darasa la pili. Nimisha akaisoma, akafungua ukurasa wa mbele, akatia sahihi.

"Ufunguo wa nyumba uache hapo kwa kreti," akasema. "Mummy atakutumia nguo zako. Na kabla uende kwa Prof wako, upitie loading."

Ilikuwa saa tisa na robo. Mzee Kyengo alikuwa na wenzake watano wakipakia lori. Nilimwita kando lakini hakuja, alikuwa amebeba. Basi nikamwendea palepale kwenye lori, nikafungua ukurasa. Ni Kiingereza, nikamgeuzia kwa Kiswahili neno kwa neno mpaka kwenye maandishi ya pembeni. Alinisikiliza katoni ikiwa begani. Nilipomaliza aliiweka chini, akajifuta mikono kwenye suruali.

"Soma tena," akasema. "Na sauti. Hawa wengine hawajasikia."

Nikasoma tena.